Nafsi, Umati na Mlima: Balagha ya Toba katika Insha ya Aldo Leopold

Aldo Leopold alipofariki tarehe 21 Aprili 1948, akisaidia kuzima moto wa nyasi katika shamba la jirani yake huko Wisconsin, Marekani, mswada wa kitabu chake ulikuwa umekubaliwa na wachapishaji wiki moja tu iliyotangulia. Kitabu hicho, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka 1949, na ndani yake mna insha fupi mno, isiyozidi kurasa tano, ambayo tangu hapo imekuwa kama shahidi wa lazima kila panapozungumzwa uhusiano wa binadamu na maumbile. Insha yenyewe ni "Thinking Like a Mountain", ambayo katika makala haya itaitwa "Kuwaza kama Mlima". Wengi wanaoisifu huishia kwenye maudhui: husema kwamba mwandishi alitambua thamani ya mnyama aliyechukiwa, wakatosheka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba insha hii ni toba iliyopangwa kwa ustadi mkubwa, kwamba ustadi huo ndio unaoifanya ishawishi, na kwamba ndio huohuo unaoificha dosari yake kubwa. Lawama humo imegawiwa wengi, ilhali utambuzi umewekwa kuwa mali ya mtu mmoja.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Mlio wa mbwa mwitu unasikika usiku mlimani, na kila kiumbe kinauelewa kwa namna yake. Kisha mwandishi anakumbuka siku ambayo yeye na wenzake, wakila chakula cha mchana juu ya genge, waliona mnyama akivuka mto kule chini. Walidhani ni ayala jike; kumbe ni mbwa mwitu, na wanawe waliokwisha kukua wakaja kumlaki kwa furaha. Wawindaji wakafyatua risasi ovyo mpaka bunduki zikawa tupu. Jike akaanguka, mtoto mmoja akajikokota na mguu uliovunjika akapotelea mawemawe. Walipomfikia yule jike bado alikuwa hai, na mwandishi akauona moto wa kijani ukizimika machoni pake. Baada ya hapo insha inatoka kwenye kisa na kuingia kwenye hoja: mbwa mwitu wakiangamizwa ayala huzidi, ayala wakizidi hula kila chipukizi, na mlima hubaki uchi. Mwisho mwandishi anageukia watu wote na tamaa yao ya usalama.

Msomaji wa Kiswahili anakutana na tatizo kabla hajafika mbali, na tatizo hilo lafaa litajwe mapema kwa kuwa lina faida kwa mhakiki. Mnyama huyu wa Leopold hana jina lake mwenyewe katika lugha yetu. Tunamwita "mbwa mwitu", jina ambalo katika mbuga za Afrika Mashariki ni la mnyama mwingine kabisa, yule mwenye mabaka na masikio ya mviringo. Kwa ayala mambo ni vivyo hivyo. Wafasiri wengi wangeandika "kulungu", lakini kulungu wetu ni mnyama wa kukaa peke yake au wawili wawili kichakani, na hoja nzima ya insha hii imejengwa juu ya wingi. "Ayala" ni neno ambalo wengi wamelipata kanisani, nalo ni afadhali, maana halimpi msomaji picha yoyote ya uongo. Halimpi picha yoyote ya kweli pia; lakini hiyo ni hasara ndogo.

Ufunguzi wa insha ndio sehemu iliyopangwa kwa uangalifu kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyopitwa haraka. Leopold anaorodhesha wasikilizaji watano wa ule mlio. Kwa ayala mlio ni ukumbusho wa kifo. Kwa msonobari ni habari ya mapigano yatakayotokea usiku na damu itakayomwagika thelujini. Kwa koyote, yule mbweha wa huko, ni ahadi ya makombo. Kwa mfugaji wa ng'ombe ni tishio la kupungukiwa fedha benki. Kwa mwindaji ni mwito wa kupimana nguvu, jino kwa risasi. Sentensi hizi ndogo zimefuatana kwa umbo moja, kitenzi kikiachwa baada ya ile ya kwanza, hata zikawa na mwendo wa litania. Takriri hii ya umbo ni ya kawaida katika nathari ya aina hiyo, na peke yake isingestahili kutajwa.

Kinachostahili kutajwa ni mahali alipowekwa msonobari. Mti umechomekwa wa pili, kati ya wanyama wawili, kabla msomaji hajapata nafasi ya kuuliza mti unasikiaje. Angalikuwa wa mwisho tungeuona kama pambo. Akiwa wa pili tunampita bila kusita, kwa sababu ayala anasikia kweli na koyote anasikia kweli. Baada ya mistari michache mwandishi anatuambia kwamba nyuma ya maana hizi zote iko maana nyingine, ya ndani zaidi, ambayo mlima pekee umeishi miaka ya kutosha kuisikiliza bila upendeleo. Msomaji aliyekwisha kuukubali mti hana tena hoja ya kuukatalia mlima. Hii ndiyo balagha kwa maana yake halisi. Neno zuri peke yake halitoshi. Kinachofanya kazi ni mpango unaomwondolea msikilizaji pingamizi kabla hajalitamka.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatuonyesha jambo ambalo sarufi ya Kiingereza inalificha. Katika Kiingereza kitenzi cha kuogopa au kusikiliza hakibadiliki, awe mtendaji ni mtu au jiwe. Katika Kiswahili kila kitenzi kinabeba ngeli ya mtendaji wake. Mnyama, hata akiwa mdudu, anapatanishwa kama mtu: ayala anaogopa, koyote anangoja. Ndiyo maana katika ngano zetu sungura anaposema hakuna anayeshtuka. Sarufi ilikwisha kumpa kiti barazani. Msonobari unasikia, mlima unaogopa: hapo upatanisho wa ngeli unabaki kuwa wa miti na vitu, na kila mara kitenzi kinapotamkwa tashihisi inajitangaza upya. Mfasiri anaweza kuuvunja upatanisho huo akaandika "mlima anaogopa", na wapo watunzi wa mashairi ambao wangefanya hivyo. Ingekuwa kosa. Leopold hataki mlima wake uwe mtu. Anataka uwaze ukiwa mlima. Kwa hiyo upatanisho ule unaoonekana kama kizuizi unaitumikia insha kuliko lugha ilimoandikwa: msomaji wa Kiswahili anasikia, katika silabi moja, kwamba kuna fikra isiyo ya mtu.

Neno lenyewe la "maumbile" nalo halikuja bure. Limetokana na kuumba, na kwa hiyo linamkumbusha msikilizaji kuwa yuko Muumba. Neno jingine, "mazingira", ambalo siku hizi limeenea ofisini na shuleni kuliko lile la kwanza, limetokana na kuzinga, na linamweka mtu katikati ya duara na kila kitu kingine pembezoni. Mtu anayesema "mazingira" amekwisha kuikataa hoja ya Leopold kabla hajaisoma, kwani hoja hiyo yataka mtu aondoke katikati ya duara. Makala haya yanashika neno "maumbile", si kwa ajili ya utamu wake.

Tufike sasa kwenye tukio la mtoni. Uchunguzi wa nafsi za vitenzi hapo unatoa jambo ambalo halikutarajiwa. Kuanzia mlo wa juu ya genge mpaka bunduki kuisha risasi, mtendaji ni wingi. Tulikuwa tukila, tuliona, tulifyatua, bunduki zetu zilikuwa tupu, tulimfikia jike. Nafsi ya kwanza umoja haigusi kitenzi chochote cha kuua. Mara tu macho ya mnyama yanapotajwa, nafsi inabadilika: niliona, nilitambua, nilihisi. Mauaji ni yetu, maono ni yangu. Wenzake wanaachwa wamesimama pale kando ya mto bila majina, bila sura, bila hata neno moja la kusema walichokiona wao. Kwani haielekei kwamba miongoni mwao hakuna mwingine aliyeangalia?

Inaweza kujibiwa kwamba baada ya hapo mwandishi anajilaumu waziwazi, akisema alikuwa kijana mwenye kidole chenye pupa ya kufyatulia risasi, na kwamba aliamini mbwa mwitu wakipungua ayala watazidi na wawindaji watapata pepo yao duniani. Jibu hilo ni la haki, lakini halifuti lile la kwanza. Ujana ni udhuru kwa namna yake. Anayesema "nilikuwa kijana" amekwisha kujitenga na mtendaji wa kale, akamkalisha upande wa pili wa meza na kumhukumu kwa upole, kama baba amhukumuvyo mwanawe.

Historia ya maisha ya mwandishi inaongeza uzito wa swali hili. Leopold alizaliwa mwaka 1887, akasomea misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, akapelekwa Arizona mwaka 1909 kufanya kazi katika Msitu wa Taifa wa Apache. Barua aliyoipeleka nyumbani kwao mwezi Septemba mwaka huo inataja kuuawa kwa mbwa mwitu wawili. Basi tukio si la kubuni. Lakini moto wa kijani haukumgeuza siku ile wala mwaka ule. Katika miaka iliyofuata, akiwa New Mexico, alikuwa mstari wa mbele miongoni mwa wale waliodai wanyama wala nyama waangamizwe, na jarida alilolihariri kwa ajili ya chama cha wawindaji lilihubiri hayo bila kificho. Badiliko lilikuja polepole, kwa kazi, kwa safari, kwa kuona milima iliyoliwa na ayala. Kati ya risasi na insha kuna miaka 35, na insha inaikunja miaka hiyo yote ikaingia katika kope za mnyama mmoja.

Isitoshe, toba yenyewe iliombwa. Albert Hochbaum, msanii na mtaalamu wa ndege aliyekuwa mwanafunzi wa Leopold, alizisoma insha za mwanzo za mkusanyo huu akamwandikia mwalimu wake kwamba zinamwonyesha kama mtu ambaye hakuwahi kukosea, na kwamba yafaa akiri kuwa mkono wake nao ulishiriki katika kuwamaliza mbwa mwitu. Walijibizana kwa barua katika miaka ya 1943 na 1944, na mwezi Aprili 1944 "Kuwaza kama Mlima" ikaandikwa. Mwanafunzi akimwambia mwalimu wake, tena profesa mwenye jina, kwamba hajasema kweli yote, na mwalimu akakubali: hilo ni tukio la nadra, na mtu angependa vyuo vikuu viwe na mifano zaidi ya namna hiyo. Halikuingia katika insha.

Je, kukunja huku ni udanganyifu? Makala haya hayadhani hivyo. Insha si hati ya kiapo mahakamani, na mwandishi wa nafsi ana ruhusa ya kuchagua tukio moja libebe maana ya mengi. Bila ruhusa hiyo hakuna sanaa. Lakini ruhusa hiyo ina gharama. Kwa kuiweka miaka 35 katika dakika moja, Leopold anamfundisha msomaji kwamba mtu hubadilika kwa kuona. Maisha yake yeye yanafundisha kwamba mtu anaweza kuona, akarudi kambini, akaendelea kuua na kuhubiri kuua kwa zaidi ya miaka kumi. Fundisho hili la pili ni la kutisha zaidi, nalo ndilo ambalo wasomaji wake walilihitaji mwaka 1944 na wanalihitaji hata leo. Insha imelitupa kwa ajili ya uzuri wa taswira.

Na taswira ni nzuri kweli; hapana budi kukiri. Kumekuwapo wasomaji wanaonung'unika kwamba macho ya mbwa mwitu aliyekomaa mara nyingi huwa ya manjano. Hao wanasoma kama mabwana nyama. Rangi ya kijani haikuwekwa pale kwa ajili ya macho peke yake. Imewekwa kwa ajili ya ukurasa unaofuata, mahali ambapo kila mti unaolika umeliwa majani mpaka kimo cha pembe ya tandiko la farasi. Katika Kiswahili uhusiano huu uko wazi zaidi, kwa sababu "kijani" ni jani lenyewe likifanywa rangi. Moto wa kijani ni moto wa rangi ya jani: mambo mawili yasiyokaa pamoja, kwa kuwa moja ndilo linaloliteketeza jingine. Unapozimika katika jicho majani yanaanza kufa mlimani. Mwandishi haelezi uhusiano huo popote. Anauacha rangi iuseme, na mfasiri atakayeandika "mng'aro" au "nuru ya ajabu" kwa kuogopa ugeni wa usemi atakuwa ameung'oa msumari unaoshika nusu mbili za insha.

Hoja inayofuata imejengwa kwa ulinganisho wa ngazi. Kama ayala waishivyo kwa hofu ya mbwa mwitu, ndivyo mlima uishivyo kwa hofu ya ayala. Leopold analileta jambo hili kama dhana tu, kama mtu anayenong'ona, na unyenyekevu huo wa toni baada ya kilio cha macho ni ustadi wa hali ya juu. Kisha anatoa hesabu: ayala dume aliyeliwa atapata badali baada ya miaka miwili au mitatu, bali malisho yaliyoliwa na ayala wengi mno huenda yasirudi hata kwa miongo mingi kama hiyo. Hesabu hii ndiyo inayougeuza mlima kutoka kuwa tashihisi na kuufanya kipimo cha muda. Kuwaza kama mlima, kumbe, ni kuhesabu kwa miongo.

Mfano aliokuwa nao Leopold akilini ni pamoja na ayala wa uwanda wa Kaibab, Arizona, walioongezeka kupita kiasi na kufa kwa njaa katika miaka ya 1920. Mwaka 1970 mwanasayansi Graeme Caughley alizipinga takwimu za Kaibab, akaonyesha kwamba zilikuwa makisio yaliyotiwa chumvi kila yaliponakiliwa. Kwa miaka mingi kisa hicho kikaondolewa vitabuni. Mwaka 2006 uchunguzi wa umri wa miti katika uwanda huohuo ukakirudishia sehemu ya heshima yake. Katika muda huo wote insha haikupoteza msomaji hata mmoja. Mwanafunzi wa balagha hana budi kulitafakari jambo hili, na pengine kulionea wasiwasi: matini iliyosimama juu ya ushahidi iliendelea kusimama ushahidi ulipotikiswa, kwa sababu ilikwisha kuhamisha uzito wake kwenye macho ya mnyama.

Aya ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa msomaji wa hapa, nayo imejaa kinaya. Sote, asema mwandishi, tunatafuta usalama na maisha marefu yasiyo na msisimko: ayala kwa miguu yake, mfugaji kwa mitego na sumu, mwanasiasa kwa kalamu, wengi wetu kwa mashine, kura na dola. Kisha anayajumlisha yote kwa msemo wa amani ya zama zetu. Msomaji wa mwaka 1944 alisikia humo sauti ya Neville Chamberlain akirudi kutoka Munich mwaka 1938 na makubaliano aliyotia sahihi na Hitler. Vita vilikuwa bado vinapiganwa Leopold alipoandika. Kwa hiyo mfugaji anayemtilia mbwa mwitu sumu anafananishwa, bila kutajwa, na waziri mkuu aliyenunua utulivu wa leo kwa balaa la kesho. Ni tuhuma nzito iliyofichwa ndani ya maneno machache, na tafsiri isiyo na maelezo itaipoteza yote.

Baada ya hapo Leopold anamwita Thoreau kuwa shahidi, na anamnukuu vibaya. Thoreau, katika insha yake iliyochapishwa mwaka 1862 muda mfupi baada ya kifo chake, alitumia neno lenye maana ya kuhifadhiwa kwa dunia. Leopold ameliondoa akaweka lenye maana ya wokovu. Wapo wanaoona kuwa ni kosa la kumbukumbu tu, na inawezekana. Lakini tofauti si ndogo, na katika Kiswahili ni kama tofauti ya ofisi na kanisa. "Hifadhi" kwetu ni neno la serikali: lina lango, askari na ada ya kuingilia. "Wokovu" ni neno la mtu aliyepotea. Insha iliyoanza kwa damu thelujini na kuendelea kwa dhambi na utambuzi haikuweza kumalizikia langoni kwa ofisa. Kalamu ya Leopold iliteleza, ikiwa iliteleza, kuelekea kule ambako toba yote ilikuwa ikielekea.

Limebaki swali la wasiokuwamo. Msitu alimofanyia kazi Leopold uliitwa Apache, kwa jina la watu waliokuwa na nchi hiyo kabla yake na ambao walikuwa wangali wanaishi jirani. Katika insha nzima hakuna Mwapache hata mmoja. Kuna mbwa mwitu, ayala, mti, koyote, mfugaji na mwindaji wa starehe. Mlima umepewa kumbukumbu ndefu, lakini kumbukumbu hiyo haina mtu aliyewinda pale ili ale. Mbwa mwitu anabaki kuwa mlaji pekee wa haki, na binadamu yeyote mwenye silaha anakuwa mvamizi.

Upungufu huu si wa Marekani pekee, na kisa cha Tsavo kinaonyesha gharama yake. Katika miaka ya 1960 ndovu wa Tsavo walikuwa wamezidi, wakiangusha mibuyu na kugeuza vichaka kuwa nyasi, na ukazuka ubishi mkali kati ya mwanasayansi Richard Laws, aliyetaka baadhi yao wapunguzwe kwa kuuawa, na David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, aliyetaka maumbile yaachwe yajirekebishe. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ukaua maelfu ya ndovu. Mlima, au tuseme nyika, ulikuwa umewaogopa ndovu wake kama alivyosema Leopold. Lakini aliyekosekana pale hakuwa mbwa mwitu. Wawata, wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, walikuwa wamekamatwa na kufungwa katika kampeni ya miaka ya 1950, na wapo waliohoji baadaye kwamba uwindaji wao ndio uliokuwa umeizuia idadi ya ndovu isipande mno. Hoja hiyo ina wapinzani wake. Hata hivyo, msomaji aliyejifunza kuwaza kwa insha ya Leopold peke yake asingeweza hata kuiuliza, kwa kuwa katika mlima wa Leopold hakuna nafasi aliyotengewa Mwata.

Naye mfugaji? Mhakiki anayejali tabaka ataona kwamba mwanzoni mwa insha mfugaji anausikia mlio kama habari ya upungufu wa fedha benki. Hiyo ni taarifa ya maana: mtu huyu anaua kwa sababu ya hesabu zake na mkopeshaji. Mwishoni anakaripiwa kwamba hakujifunza kuwaza kama mlima, na kwa hiyo udongo wake unapeperushwa na upepo na mito inabeba kesho yake baharini. Benki haikaripiwi. Imetajwa mara moja ikatoweka, na aliyebaki kubeba lawama ni mdaiwa. Mwandishi aliyeweza kuona uhusiano kati ya jicho la mnyama na jani la mlimani alikuwa na uwezo wa kuuona na huu.

Na yuko mwingine aliyetoweka. Yule mtoto wa mbwa mwitu aliyejikokota na mguu wake akaingia mawemawe ameachwa hapo. Mama anapewa kifo kirefu chenye moto na nuru. Mtoto anapewa nusu ya sentensi. Bunduki zilikuwa tupu, lakini risasi nyingine huenda zilikuwamo mikobani, na siku ilikuwa bado mchana. Insha haisemi kama walimfuata.